Nusu Wimbo wa Kaka Hilarion

Marehemu kaka yangu Hilarion alipiga filimbi kwa miaka arobaini na minne na hakuwahi kuumaliza wimbo hata mmoja peke yake. Msicheke. Kwetu Kalapata, ukingoni mwa Ziwa Titicaca, filimbi za matete hazipigwi na mtu mmoja. Zimegawanywa. Mmoja anashika ira, mstari wa matete sita, na mwenzake anashika arka, matete saba, na sauti alizonazo huyu, yule hana. Wimbo unapanda kama watu wawili kwenye ngazi moja: huyu anakanyaga kipandio cha kwanza, yule cha pili, huyu cha tatu. Akikohoa mmoja, wimbo unatoboka hapo hapo. Mgeni akimsikia mtu anapuliza arka peke yake hudhani mpigaji amelewa.

Kaka alikuwa arka. Ira ilikuwa ya Saturnino Laruta, ambaye baadaye akawa mume wangu. Ndiyo maana habari hii naijua mimi kuliko mtu yeyote, nitake nisitake.

Waliwekwa pamoja wakiwa na miaka kumi na saba. Mkuu wa kikundi aliwapanga vijana wote uwanjani, akawasikiliza wakipuliza mmoja mmoja, akamsukuma Saturnino mbele ya kaka. "Nyinyi mna pumzi za namna moja," akasema. "Tazamaneni vizuri, mtazeeka mkitazamana." Tangu siku ile walifanyia mazoezi uani kwetu. Saturnino husema alikuja kwa ajili ya muziki. Mimi nasema alikuja kwa ajili ya supu ya mama, kwa sababu hakuna jioni hata moja aliyosahau kuja na njaa.

Aliponipenda, alijifanya mjanja. Alipita nyuma ya ukuta wetu akipuliza ira polepole, ile sehemu ya mwanzo tu, ili nijue yupo nitoke. Lakini kaka alikuwa ndani. Na kaka, hata kama ana kijiko mdomoni, akiisikia ira hakuweza kunyamaza. Alinyakua arka yake akajibu, na wimbo ukaendelea mpaka mwisho, mmoja huku ukutani na mwingine huku jikoni, na mama akatoka kutazama kuna nini, na Saturnino akakimbia.

"Hivi huyo anakuchumbia wewe au mimi?" kaka akaniuliza.

"Si unyamaze siku moja tu, kaka?"

"Nitanyamazaje? Ameuliza, lazima ajibiwe."

Basi ndivyo alivyokuwa. Mfupi, kifua kipana kama pipa, masikio makubwa, maneno mengi. Siri kwake haikulala. Matete aliyanunua mwenyewe kutoka mabonde ya joto, akayakata, akayafunga kwa uzi wa sufu, na kabla ya kupiga alidondoshea kila tete pombe kali kidogo ili sauti ikaze, na iliyobaki hakuimwaga. Mke wake alifariki mapema, akamwachia binti mmoja, Marcelina, ambaye alimlea kwa viazi, chunyo, yaani viazi vilivyokaushwa kwa baridi, na kelele. Nilikuwa nikienda kumfulia nguo namkuta anamsuka yule mtoto nywele huku midomo yake inatembea bila sauti, anapiga arka hewani. Nyimbo zake zote nilizijua kwa moyo bila kugusa tete hata siku moja, maana enzi zetu wanawake hatukupiga. Hata sasa nikiosha vyombo ni nusu ya kaka inayonijia, na mashimo yake yote.

Sasa, kuna jambo moja ambalo kwetu hata mtoto analijua. Filimbi za matete ni za kiangazi. Kuanzia Sikukuu ya Wafu, mwezi wa kumi na moja, mpaka Kanivali ipite, zinafungwa kitambaani na kuwekwa darini, na zinatoka pinkillu, filimbi za mti, kwa sababu hizo mvua inazipenda. Matete yanaita baridi na mvua ya mawe. Viazi vikiwa na maua, mawe yakishuka kwa robo saa tu, mwaka wenu umekwisha. Hakuna aliyetufundisha hivyo darasani. Tumezaliwa tumeyakuta.

Na kaka alijua vizuri kuliko wengi. Lakini Januari moja Marcelina alikuja kuaga. Alikuwa amepata kazi ya kushona katika kiwanda cha nguo Sao Paulo, kule Brazili, na basi lake lilikuwa linaondoka mchana ule.

"Baba, nipigie kidogo," alisema. "Sijui nitaisikia tena lini."

"Wewe mtoto una wazimu. Ni Januari."

"Nusu tu, baba. Si una nusu tu?"

Kaka alikuwa mgumu kwa watu wote isipokuwa kwa binti yake. Akapanda darini, akaishusha arka, akaenda nyuma ya nyumba, akampigia. Mimi nilikuwa shambani. Niliisikia, na jembe likanisimama mkononi. Siyo mimi peke yangu niliyesikia. Adhuhuri hewa ya ziwani inabeba sauti mbali. Marcelina akapanda basi akaenda zake.

Siku ya nne mawe yakaja. Sitaki kuieleza sana mvua ile. Iliingia mchana kutoka upande wa milima, ikapiga kuanzia kanisani hadi kijitoni, na ilipokwisha mashamba yalikuwa meupe na majani ya viazi yamekuwa kama yametafunwa na kutemwa. Ng'ambo ya kijito hakuna jani lililoguswa. Wanawake walikaa chini kwenye matuta wakalia kwa sauti, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Mwaka ule kiongozi wa kijiji alikuwa Saturnino. Uongozi kwetu unazunguka kwa zamu, na ilikuwa zamu yake: joho jekundu, kofia, na mjeledi wa ngozi umepitishwa kifuani. Kesho yake akaitisha mkutano, kama inavyofanywa mawe yakipiga, ili aliyefanya lisilofanywa ajitokeze. Hakuwahi kuuliza. Kaka alisimama kabla.

"Ni mimi," akasema. "Nilipiga arka."

"Nusu wimbo, nusu mashamba!" mtu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, na watu wakacheka kile kicheko cha mtu aliyekosa chakula. Kaka hakucheka. Alivua kofia akapiga magoti bila kuambiwa.

Adhabu ilikuwa viboko vitatu. Kiongozi ana msaidizi, na angeweza kumpa mjeledi msaidizi wake; yamefanyika hayo mara nyingi na hakuna aliyesema neno. Saturnino hakumpa. Alimchapa mwenyewe, shemeji yake, mwenzake wa pumzi moja, na kwa kila kiboko alisema, "Viazi vya watu, shemeji. Viazi vya watu." Kaka akashukuru kama desturi inavyotaka, akavaa kofia yake, akaenda nyumbani.

"Ungempa msaidizi," nilimwambia mume wangu jioni.

"Wangesema nampendelea."

"Si waseme! Midomo ni yao!"

"Zenobia, wewe hukukaa pale mbele."

Nilimpa chunyo baridi wiki nzima. Hakulalamika, na hilo likanikera zaidi.

Tangu siku ile kaka hakumsemesha Saturnino. Hakumtukana wala hakumsengenya. Alipomwona njiani aliinamisha kichwa akapita. Mwezi wa tano ulipokaribia, nilikuwa sipati usingizi, kwa sababu mwezi wa tano ni Sikukuu ya Msalaba na filimbi zinashuka. Nilijiuliza nani atapiga na nani. Basi siku ikafika, kikundi kikajipanga mbele ya kanisa, na Saturnino akasimama mahali pake, na kaka akaja taratibu akasimama mbele yake, mahali pake. Wakatazamana kwenye filimbi, si machoni. Wakapiga. Kwa kweli walipiga kama zamani, hata vizuri zaidi, ngazi nzima juu na chini bila kipandio kilichokosekana. Nililia hadharani, nikasingizia moshi. Sauti ya mwisho ilipokwisha, kaka akageuka akaondoka.

Miaka kumi na moja ilikwenda hivyo. Wakawa na mambo ya kunichosha. Walikuwa wakikaa uani kwangu wakitengeneza filimbi, umbali wa mkono mmoja, na mimi katikati na sufuria yangu.

"Zenobia, mwambie mumeo tete lake la tatu lina ufa."

"Mwambie kaka yako nimesikia."

"Amesikia, kaka."

"Haya. Mwambie basi alete uzi."

"Chukueni uzi wenu, na mimi si simu ya mtu!"

Vijana wa kikundi walijaribu kuwatenganisha, wakampa kila mmoja mwenzake mpya. Kaka alipuliza mara mbili na yule kijana, akashusha arka. "Huyu anapumua kama anakimbizwa," akasema. Saturnino naye akarudi kusimama mahali pake pa kila mwaka. Kijiji kizima kiliamini kaka ana kinyongo. Na mimi niliamini. Nilimwona ana kiburi, nikamwambia usoni mara nyingi tu: "Kaka, viboko vitatu vimekutosha hasira ya maisha mazima?" Alikuwa akitazama pembeni akiniuliza kama supu imeiva. Yule mtu wa maneno mengi, juu ya hilo tu hakuwa na neno.

Miaka mitatu iliyopita, tena Januari, mapafu yake yalichoka. Muuguzi wa zahanati alitaka apelekwe mjini, kaka akasema mjini hakuna atakayemjua akifa. Nikahamia kwake kumuuguza. Marcelina tulimpigia simu, akasema anakuja, lakini kutoka Sao Paulo ni mbali na basi haliruki. Kila asubuhi Saturnino alileta kuni mpaka mlangoni, akaziweka, akasimama. Hakuingia.

"Ingia au ondoka," nikamwambia siku ya tano. "Umeniziba njia ya kumwaga majivu."

Adhuhuri ile akaingia. Alikuwa na ira yake kifuani, imefungwa kitambaani, na bila kuniomba ruhusa akapanda darini kwa kaka, akashuka na arka.

"Saturnino, huu ni mwezi wa kwanza."

"Najua ni mwezi gani."

"Funga mlango basi!"

"Mlango ubaki wazi," akasema. "Anayetaka kusikia asikie."

Akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, akadondosha pombe kwenye matete. Kaka alimtazama. Baada ya miaka kumi na moja, maneno yake ya kwanza kwa Saturnino yalikuwa haya: "Acha, shemeji. Kuna viazi vya watu huko nje."

Nilidhani anamrudishia mshale wake, na nikasema moyoni, mpate, kaka, anastahili. Saturnino alipauka. Lakini akainua ira, akapuliza sauti ya kwanza, akangoja. Akapuliza tena, akangoja. Mara ya tatu vidole vya kaka vikaanza kutambaa juu ya blanketi vinatafuta. Nikamwekea arka mdomoni, nikamwinua mgongo. Pumzi ilimtosha kwa sauti moja kati ya tatu. Zilizobaki niliziimba mimi, kwa sauti yangu mbaya, kwa sababu nilizijua na kwa sababu nisingeweza kuuacha wimbo umetoboka vile. Walipiga wimbo mmoja mzima. Nje, majirani walikuwa wamesimama na majembe yao.

Saturnino alikwenda mwenyewe kwa kiongozi wa mwaka ule, Fausto Tarki, akasema: nimepiga, ni Januari, mimi hapa. Fausto akakuna kichwa. "Tungoje tuone mbingu zitasema nini," akasema.

Basi tukangoja. Kijiji kizima kilitembea shingo juu. Saturnino aliketi kwenye ukuta wa mawe mbele ya nyumba ya kaka kuanzia asubuhi, anatazama milima, hatafuni hata majani yake ya koka. Siku ya kwanza jua. Ya pili manyunyu. Ya tatu jua. Siku ya nne, mchana, wingu likasimama juu ya milima, jeusi juu na jeupe tumboni, wingu lile lile ambalo kila mtu kwetu analijua. Watu wakaanza kuwasha moto wa moshi pembeni mwa mashamba ili kulifukuza. Nilitoka nje nikamkuta mume wangu amesimama, amevua kofia, midomo inatembea. Nilidhani anaomba liondoke. Nikamsogelea.

"Njoo," alikuwa akisema. "Njoo. Njoo upige."

Shamba letu lilikuwa pale pale mbele yetu, zambarau kwa maua.

"We bwana, umepatwa na nini?"

Wingu likaja, likatufunika, na tone la kwanza likaanguka, kisha la pili, na ikawa mvua. Mvua tu. Laini, ya mfululizo, ile mvua ambayo mtu anaipigia pinkillu mwezi mzima akiiomba. Ilinyesha mpaka jioni na haikuangusha ua moja. Saturnino alisimama humo akaloana mpaka maji yakawa yanatiririka kwenye mikono yake.

"Mbona haipigi, Zenobia?"

"Ulitaka ipige?"

"Ingepiga," akasema, na sauti ikamkatika, "ingepiga, basi nilikuwa na haki ya kumchapa."

Nimeishi na mwanamume huyu miaka thelathini na nane, nimemwona akizika wazazi wake wote wawili, na sikuwahi kumwona akilia mpaka saa ile. Nilimshika mkono nikamwingiza ndani. Nilikuwa bado na hasira naye, na nilimhurumia, vyote kwa pamoja.

Kaka alikuwa macho, anasikiliza mvua juu ya bati. Saturnino akakaa kwenye kigoda, kofia magotini, maji yanadondoka sakafuni.

"Shemeji," akasema. "Haikupiga."

Kaka akageuza kichwa polepole. "Haikupiga?"

"Haikupiga."

"Hata upande wa kanisani?"

"Hata jiwe moja. Wimbo mzima tulipiga, shemeji, na mlango wazi, na haikupiga."

Nikainama kumtazama kaka kama anapumua. Alikuwa anatazama dari na machozi yanamteremka kuelekea kwenye yale masikio yake makubwa.

"Basi siyo mimi," akasema.

Saturnino hakuelewa. Hata mimi sikuelewa.

"Miaka kumi na moja," kaka akasema, akipumzika kila baada ya maneno mawili, "nikikaribishwa kiazi kwa mtu hakishuki kooni. Najiona mwizi. Nikikuona wewe njiani nashindwa kukutazama usoni. Aibu, shemeji. Watu walilala njaa kwa ajili ya nusu wimbo wangu." Akacheka kidogo, kicheko chake cha zamani, kikageuka kikohozi. "Basi siyo mimi."

"Nilidhani umenikasirikia," Saturnino akasema.

"Nikukasirikie kwa nini? Si ulinichapa kwa haki?"

Saturnino akaikamua kofia yake kwa mkono ule ule ulioshika mjeledi.

Kaka alifariki Jumanne, siku moja kabla Marcelina hajafika. Tulimzika kwa pinkillu, kama msimu unavyotaka, mvua ikinyesha vizuri pande zote mbili za kijito. Mwaka ule viazi vilitoka vikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuvuna. Nilimchemshia mume wangu vya kwanza, nikamwekea mezani, na hakuweza kuvila.